Tarumbeta Namba Kumi na Nne

Katika leja ya stoo, kiwanda cha kuchambua pamba,
kati ya "mizani, mbovu" na "magunia, mia tatu",
nilimwandika: Lugwisha. Tarumbeta, moja, imebonyea.
Akatia sahihi polepole, kama anayepanda mbegu.

Mwalimu wake alikuwa king'ora cha kiwanda.
Kikilia alfajiri, yeye anakijibu
juu ya mawe ya Igogo, pimbi wakitawanyika.
Mwaka mzima, noti moja.
Majirani walihama, au walisema watahama.

Halafu jioni moja noti ikazaa.

Ninyi hamkuiona Mawe Jazz:
suti za marekani ya ushirika, zimetiwa rangi ya kitunguu,
magitaa matatu, ngoma, na yeye mbele,
mashavu yamejaa, jicho moja kwa mcheza besi asilewe mapema.
Kidole chake cha tatu kilikatwa ncha na mashine,
kwa hiyo noti zake zilichelewa kidogo.
Watu wakasema ni mtindo.
Vijana wa Musoma wakaanza kuchelewa makusudi.

Safari ya Bukoba walipiga melini hadi Kemondo.
Alimfuata kapteni: "Honi yako iko nusu noti chini."
Kapteni akacheka. Lugwisha hakucheka.

Kisha redio ikatangaza: ushirika umevunjwa.
Nikatumwa Mabatini kukusanya mali.
Alinikabidhi ikiwa imefungwa kwa kanga ya Kabula, mkewe.
Hakulalamika. Alisema tu,
"Kanga nirudishie."

Nikairudisha kanga.

Miaka iliyofuata alipima dagaa Mwaloni,
akafundisha watoto wa Kirumba kupuliza shingo za chupa,
chupa kwa vimo vyake, maji kwa vipimo vyake,
na yeye mbele, bado kiongozi, akihesabu nne.
Nilikuwa nikipita upande wa pili wa barabara.

Kwa maana leja inasema "imepokelewa",
haisemi imepokelewa wapi.
Stoo ilifungwa, mkaguzi hakuja,
na namba kumi na nne iko chini ya kitanda changu
mwaka wa ishirini na sita sasa.
Niliogopa karatasi. Kisha nikaogopa uso wake.

Leo tumemzika Kitangiri.
Udongo ulipotulia, meli ya Ukerewe ikapiga honi ziwani,
na mimi, karani, nisiyejua kuimba hata kanisani,
nikaisikia:
iko chini. Nusu noti.
Nikageuka nimwambie mtu.