Ibara ya Kumi na Nne, Rasimu ya Tatu

Wamenipa kurasa arobaini na moja, nitafsiri kabla ya Ijumaa.
Chumba ni cha kupanga, Kaloleni, ghorofa ya pili,
chini yangu fundi saa, juu yangu mvua ya Aprili na bati.
Mlima Meru umejifunika tangu Jumapili.
Siuoni, nauamini tu,
kama ninavyotakiwa kuiamini ibara ya kumi na nne:
*Bidhaa zitavuka mpaka bila kizuizi.*

Rasimu inataka biashara iwe huru.
Niliandika huru, nikafuta.
Mtu wa sokoni asije akasoma bure.
Nikairudisha. Neno halina kosa,
limezoea tu kuitwa na kuachwa limesimama.

Aikande, dada yangu, yuko Namanga
na kreti thelathini za nyanya za Ngarenanyuki.
Alipakia saa tisa usiku kwa tochi ya simu,
akichagua zenye kijani shingoni, ziive njiani,
maana nyanya inajua kuhesabu siku,
kusoma haijui.

Saa nne akanipigia.
Wanataka cheti cha uasili.
Cha nani?
Cha nyanya.
Nikacheka, akacheka, halafu akanyamaza,
nikasikia lori likizimwa.

Bibi yetu alizaliwa ng'ambo, Loitokitok,
akaja kuolewa huku na kibuyu na mbuzi wawili,
mmoja ana mimba.
Hakuna aliyemuuliza yule wa tumboni ni wa wapi.
Mstari ulikuwa kwenye karatasi
na karatasi ilikuwa mbali.

Kiswahili ni kibahili hapa, neno moja kazi mbili:
mpaka, pale geti linaposhuka;
mpaka, muda usiosema utaisha lini.
Subiri mpaka mwenye muhuri arudi kula.
Subiri mpaka mtandao urudi.
Lugha nyingine zina maneno mawili kwa mambo haya.
Nazionea huruma.

Mbele yake, anasema, alipita mzungu wa makamo, kofia ya ukindu,
akalipa viza, akapigwa muhuri, akavuka na kopo la soda.
Soda haikuulizwa kwao ni wapi.

Na ofisa si mbaya. Anaitwa Lemburis,
ana mafua, kiti chake kimefungwa waya mguuni.
Alinunua kilo mbili, akalipa kamili,
kisha akamgeuzia waraka dirishani:
Dada, mimi nasoma kilichoandikwa.

Aikande akanipigia picha, nimsaidie kuelewa.

Niliutambua kwa koma zake.
Niliutafsiri mimi, mwezi wa pili,
ada ya Ndekirwa ilikuwa imebaki nusu.
Kulikuwa na *cheti kinaweza kuhitajika*.
Ilikuwa saa saba usiku, umeme umerudi sasa hivi,
na *cheti kitahitajika* ilikaa vizuri zaidi mdomoni.
Fupi. Safi.
Nakumbuka niliisoma kwa sauti, nikajipongeza kwa chai.

Nimempigia aliyenipa kazi ile. Simu haipatikani.
Nimeandika barua ya masahihisho, sentensi tatu,
nikaambiwa masahihisho hupitia kamati,
kamati hukaa kila robo mwaka.

Jioni ujumbe: kreti tisa zimelainika,
amewaachia wakaanga chipsi wa stendi kwa bei ya kutupa,
zilizobaki amezifunika kwa kitenge chake,
baridi ya Longido inashuka,
usihangaike, wewe malizia kazi yako.

Sijamwambia.

Fundi saa amefunga. Mvua imehamia Sakina.
Nimerudi kwenye ibara ya kumi na nne,
kidole juu ya kitufe, naogopa hata nukta.
*Bidhaa zitavuka mpaka*
nimeandika, na hapo