Gamba

Umeme wa Masasi umerudi saa tano.
Nawasha hadubini, naweka kioo cha kwanza:
umio la mbuzi. Gamba juu ya gamba,
gumu kama kisigino cha mwokota korosho,
maana miiba hupita hapa ikishuka
na usiku hupanda tena ikicheuliwa.
Misuli ina mistari yote, mpaka tumboni.

Cha pili, panya buku wa Newala.
Gamba pia. Jembamba, lakini limo.

Cha tatu, mbwa. Hana.
Chini ya utando tezi zimebanana kama kunde,
zinamtilia ute; yeye hatafuni, anabugia.

Cha nne kinapaswa kuwa laini.
Mtu hakuumbiwa gamba njia ya chakula,
alipewa meno, chungu, na subira ya kupuliza.

Nachungulia. Gamba.

Nimechanganya vioo, nasema.
Nashusha jicho kwenye misuli:
haina mistari hata mmoja. Si mbuzi huyu.
Nasoma lebo. Nnunduma, miaka hamsini na miwili,
wa Lulindi, mpika nipa,
aliyenionjesha kwa kifuniko nikiwa darasa la sita
akacheka nilivyokohoa.

Naandika majibu polepole.
Nje, mabibo yameanza kunukia.