Kileleni Palikuwa Jikoni

Cheti changu, Mama amekipepelea jiko.
Kina jina langu, Somoe Nnunduma, muuguzi,
kina mita elfu tano mia nane tisini na tano,
kina muhuri wa hifadhi. Pembeni kimeshika masizi.
"Kigumu," akasema. "Kinaleta upepo mzuri."

Nilikwenda kwa fedha ya korosho, mnada wa pili,
mimi na wenzangu wanne wa wodi ya wazazi.
Nikamsimulia: msitu unaotiririka maji hata jua likiwaka,
kisha vichaka, kisha mawe,
kisha mahali ambapo hata mawe yamechoka.
Ndelilio, kiongozi wetu, alihesabu hatua kwa Kichaga
kama mtu anayerekebisha dripu ya mgonjwa:
tone, tone, usiharakishe.
Nikamsimulia ukuta wa barafu alfajiri,
mrefu kupita mnara wa kanisa, buluu kwa ndani,
unavyolia ta, ta,
kama bati likipoa usiku.
"Zamani ulifika hapa," Ndelilio alionyesha kwa fimbo.
Kati ya fimbo na ukuta
ungeweza kuchezesha mpira, timu zote mbili, na watazamaji.

Nilikinga matone yake
kwa chupa ya dawa ya kikohozi niliyoichemsha mwenyewe.
Nimevuka nayo nchi nzima, mapajani. Mama, hii hapa.

Akainusa. Akaitikisa karibu na sikio.
Urefu wa mlima hakuuliza.
"Na wanaokaa chini yake," akasema,
"likiisha, watachota wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanitazama kama anayetazama ndoo inayovuja.
"Kesho vaa viatu vyako vya mlimani."

Pale Shimo la Mungu wageni walikuwa wakipiga picha:
bonde lote la Ruvuma, na Msumbiji ng'ambo
kama kanga iliyosahaulika kambani.
Hatukusimama. Tukashika njia ya ubavuni
isiyo na kibao, isiyo na lango wala kiingilio,
Mama na kandambili zake, mimi na buti za kukodi
ambazo bado sijazirudisha.

"Jogoo la kwanza tunateremka. Tukirudi, jua liko utosini.
Pampu ilikufa mwaka wa kaka yako,
ikafufuka, ikafa tena mwaka wako.
Debe moja kichwani. Ukijikwaa,
ama urudi chini, ama ulale na kiu na watoto."

Hakuna aliyempa fimbo.
Hakuna aliyempigia makofi kileleni.
Kileleni palikuwa jikoni.

Katikati ya mteremko kuna jiwe bapa lenye kishimo.
"Madebe yetu ndiyo yaliyochimba.
Hapa tulitua, tukabadilishana ngata, tukawasema waume.
Hapa ulinipiga teke la kwanza.
Nikakwambia tulia wewe, maji yatamwagika."

Akafungua chupa. Akaimimina yote kishimoni,
polepole, bila neno.
Hayakujaa hata nusu.
Nyuki akaja, akanywa, akaondoka bila kuaga.

Kisha tukaanza kupanda.
Mama alitangulia, akihesabu hatua kwa Kimakonde.
Sikumwitikia.
Nilikuwa natafuta pumzi.