Ama Baada ya Salamu

Sanduku la saba lilikuja na harufu ya naftalini
na ya nyumba iliyofungwa madirisha tangu msiba.
Binti wa Meya alitia sahihi kwenye kaunta,
akavua glavu, akavaa tena, akasema:
"Ni mambo ya bustani tu. Baba alipenda nyanya."

Mimi huku chini ya ardhi, maktaba ya Toledo,
bomba la mvuke likikoroma juu ya kichwa changu,
kazi yangu ni kung'oa pini zilizoshika kutu,
kunyoosha mikunjo, kuhesabu kurasa,
kisha kuandika mstari mmoja wa maelezo.
Mmoja. Msimamizi hapendi porojo.

Meya Thaddeus Grabiec kwa Mkuu wa Polisi Orrin Stubbe:
barua mia na kumi na mbili, mwandiko wa kulalia kushoto,
kama wa mtu aandikaye huku akisikiliza redio.
"Orrin ndugu yangu,
theluji imevunja paa la kibanda changu.
Helen bado anaumwa. Daktari anasema subira.
Zile mbegu ulizonipa zimekubali."
Nami, Mungu anisamehe, nilianza kumpenda.
Mtu anayesema mbegu zimekubali
si wa kumchukia kabla ya chai ya saa nne.

Utotoni, Ujiji, nilimwandikia bibi barua zake.
Yeye sauti, mimi kalamu.
Kwanza salamu, za mtu mmoja mmoja,
hadi za jirani aliyekwisha hama,
ukurasa unajaa hatujasema neno.
Ndipo akohoe: "Andika sasa. Ama baada ya salamu..."
Na hapo ndipo penye haja: karo, mahari, deni, kifo.
Ndivyo alivyonifunza kusoma barua ya mtu yeyote:
ruka maua, tafuta kikohozi.

Kikohozi cha Meya kiko chini ya sahihi,
kwa wino mwingine, herufi ndogo,
kama mgeni anayerudi mlangoni
kuchukua kofia aliyoisahau makusudi.
"Yule mpwa wangu wa Jumamosi, alikuwa na homa tu."
"Sajenti wako wa zamu ya usiku anastahili nyota."
"Asante kwa gari. Helen hakujua."
Na tarehe tisa Februari, mwaka wa sitini na saba,
baada ya nyanya, baada ya paa,
baada ya kuuliza kama mguu wa Orrin umepona:
"Ile ripoti ya kijana wa mtaa wa Fernald.
Makaratasi hupotea, Orrin. Hasa majira ya baridi."

Nilisoma mara tatu. Bomba likanyamaza.

Kila Alhamisi huja hapa Bi Odessa Tolliver,
miwani yake imefungwa uzi.
Fomu yake inasema Fernald.
Anaomba faili ileile, nampa jibu lilelile.
Mdogo wake Lucius alitoka kununua mafuta ya taa,
"akateleza ngazini, kituoni." Ndivyo walivyoambiwa.
Hajawahi kunigombeza. Husema, "Basi, wiki ijayo,"
akafunga vifungo vya koti kuanzia chini kwenda juu.
Ana miaka themanini na moja.

Sanduku, kwa sharti la binti, lisifunguliwe
mpaka ipite miaka ishirini na mitano.
Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema.
Hawakusema kata ifanyeje,
kata inayolipwa kwa saa,
yenye kibali cha kazi kinachokwisha mwezi wa sita.

Msimamizi akapita. "Umemaliza la saba?"
"Nakaribia."
Nikaandika mstari wangu:
Barua binafsi. Afya, bustani, hali ya hewa.
Nikanywa chai iliyopoa. Nikafuta nukta ya mwisho,
nikaweka mkato, kisha:
ripoti ya Lucius Tolliver, na ilikokwenda.

Bado ni mstari mmoja.

Sanduku limefungwa kamba mbili, sharti limetimia.
Orodha iko juu, kwenye kaunta, husomwa na yeyote.
Leo Jumatano.