Ya Thelathini na Saba

Mkanda una picha thelathini na sita.
Thelathini nilizimaliza kabla ya saa tano asubuhi,
kwa pupa ya mgeni anayekula kwa macho:
roshani za mbao zilizochoka kuinamia uchochoro,
makuba ya mabafu yakifuka mvuke wa kiberiti,
kanisa, kanisa, tena kanisa,
paka juu ya Lada isiyo na magurudumu,
na karatasi mlangoni, yenye herufi zilizojikunja
kama vikonyo vya mzabibu.
Sikujua kama zinauza mkate au zinatangaza msiba.
Nikapiga.
(Ulikuwa msiba.)

Kwetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nilizunguka Tbilisi siku nzima
wala sikumwona aliyekuwa akiningoja apone.

Jioni nikapanda kwenye majengo ya zege kule mlimani,
yale yaliyoshikana mikono kwa daraja la chuma hewani.
Lifti yao hula sarafu.
Mimi nilikuwa na noti.
Mama mmoja, kikapu cha viazisukari mkononi,
akanitazama kuanzia viatu,
akatumbukiza tetri ishirini kwa ajili yangu
bila hata kunipa nafasi ya kukataa.
Nikainua kamera.
Hakuficha uso. Alifunga vizuri kitambaa chake,
akabana midomo, akasubiri,
na lifti ikakwama.

Giza.
Nikasikia kucha zikichana ganda,
halafu harufu ya chenza ikajaa kile kisanduku
hadi kwenye misumari.
Nusu yake, nusu yangu.
Aliniuliza jambo.
Nikamjibu jambo jingine.
Tukaelewana kwamba chenza ni tamu
na kwamba jina lake ni Nanuli.

Ghorofa ya kumi na nne mlango ulifunguka kwa kwikwi.
Akaninyang'anya kamera,
akanisukuma mpaka kwenye kingo za daraja:
pale. Hapana, pale.
Namba ilishafika thelathini na sita.
Nilitaka kumwambia imekwisha.
Akabonyeza. Ikakubali.

Otari huosha filamu chini ya ngazi, Mtaa wa viatu.
Alizipitia zangu haraka, kama mtu anayehesabu chenji.
"Nzuri," akasema. "Hata dada yangu anazo. Kwenye kalenda."
Kwenye ya mwisho akavua miwani.

Nusu yake imeungua, mkanda ulipoishia.
Kwenye nusu iliyobaki nimesimama mimi,
kipaji kimekatwa,
nyuma yangu madirisha mia yanawaka, hayaonekani vizuri,
shuka la mtu linapepea,
nami nimeshika maganda ya chenza kwa mikono miwili
kama niliyekabidhiwa kitoto cha watu,
natafuta kwa macho pa kuyaweka.

"Uliyatupa wapi?" Otari akauliza.

Yamo mfukoni mwa koti.
Yamekauka. Nikitembea
yanagongana na funguo za nyumba.