Kupimwa

Walilipandisha Jumatatu, mzunguko wa Makupa,
bango refu kuipita ghorofa ya duka la magodoro,
waridi tupu, mpaka macho yauma.
Msichana, toka kidevuni hadi kitovuni.
Kichwa wamekikata.
Mikono yake imefumbata kifua
kama mtu aliyeiba matikiti soko la Kongowea,
na juu yake herufi za jitu:
YAOKOE HAYA MAWILI. TUNAYAPENDA.
Jina la ugonjwa chini, pembeni.
Nambari ya zahanati chini zaidi,
nyembamba kama uzi wa kutungia shanga.

Mimi ni fundi, Majengo, mlango wa kijani,
cherehani ya kukanyaga, futi shingoni
mwaka wa thelathini na moja huu.
Vifua vya mji huu navijua kwa inchi:
kilichonyonyesha pacha, kilichokonda kwa talaka,
kilichopumua kwa shida siku ya mahari.
Sijapata, hata siku moja,
kupima kifua kisicho na mwenyewe.

Mbodze alikuja baada ya upasuaji.
Huuza viazi karai, Mwembe Kuku;
kushoto pamekuwa bapa kama kiganja.
"Nishonee cha kunisawazisha, Mwanamkuu,
naenda upandeupande kama mzigo wa kamba moja."
Tukashona kifuko, tukakijaza choroko.
Masika yakamkuta njiani bila mwavuli:
siku ya tatu choroko zikachipua.
Tulicheka hadi tukakaa sakafuni.
Safari ya pili tukatia mtama, wa kukaangwa.

Ndiye aliyeniletea habari za bango.
Alipita na beseni lake kichwani,
wanaume wa kahawa wamelikodolea:
"Haya mimi nitayaokoa kwa mikono yangu!"
Mmoja akamtazama yeye, akatazama tena,
kisha akainamia kikombe.
"Tunayapenda," Mbodze akaniambia. "Na mimi je?"
Nilikuwa nimeuma pini sita mdomoni.
Sikujibu. Mpaka leo sijui kama ni pini.

Basi nikavaa buibui, nikaenda afisini kwao.
Kijana mpole, shati limempwaya mabegani.
"Mama, bila hivyo hakuna atakayegeuza shingo."
Nikamwambia, zimegeuka, mwanangu. Juzi
wa bodaboda kaigeuza yake, kaingia mkokoteni wa madafu.
Kamuulize nambari ya zahanati.
Na lile la tezi dume, mwaka jana,
mzee mmemvika koti na miwani,
kichwa kizima, jina, hata cheo:
BABA, WEWE NI NGUZO.
Mbona kwake hamkuandika mnachokipenda?
Kijana akakohoa. Akaandika kitu.
Aliandika nini, Mungu ndiye ajuaye.

Bango liko vilevile. Mvua imebandua kona moja.

Alhamisi Mbodze kaja na bintiye, Kadzo,
gauni la mahafali.
Ana uvimbe, mama asema, kama punje ya kunde,
na hataki kwenda.
"Nikienda," msichana anauambia ukuta,
"wataniona kama yule wa Makupa."
Nikafungua daftari. Daftari langu huanza na jina,
Kadzo wa Mbodze, ndipo bega, ndipo mkono,
kifua hungoja zamu yake.
Nikampima taratibu, namtazama usoni,
nikamwambia, hivi ndivyo apimwavyo mtu;
nikikumaliza nafunga mlango, twende sote watatu
ukapimwe na kule.
Akanyamaza. Kitambaa akakigusa, akakiacha.
"Rangi gani?" nikauliza.
"Yoyote. Isiwe ile."
"Na choroko," mama yake akadakia, "usitie."