Mzinga wa Saba

Shule ya Cerkno ilitupa kompyuta kumi na moja,
zenye umri wa kwenda shule zenyewe.
Mimi ndiye niliyetumwa kuzipeleka jaani.
Moja haikufika.

Nikaifuta kumbukumbu, nikaiwekea mfumo huria,
ule usiodai ada ya mwaka wala ufunguo,
ule unaokuja na jiko lake wazi:
ingia, onja mchuzi, ongeza chumvi, mpelekee jirani.
Feni ikakohoa mara mbili kama mvuta kiko,
ikatulia, ikaniuliza jina.
Nikaandika: Bogomir.

Kwa miezi miwili kazi yake ilikuwa kuonyesha saa.
Mke wangu Darinka akasema:
saa ya ukutani tunayo, na ile haili umeme.

Usiku mmoja wa Mei, nikizurura ghala la programu
kama mtu aliyeingia duka la bure akaona haya kubeba,
nikaikuta moja ya wanamuziki.
Inachora sauti: za chini rangi ya zambarau,
za juu rangi ya kaa la moto.
Mimi siimbi. Hata kanisani huchezesha midomo tu.
Lakini nina nyuki.

Kesho yake nikapasua simu iliyokufa,
nikatoa kipaza sauti, nikakivisha soksi ya mtoto
wasije wakakiziba kwa nta,
nikakitumbukiza ndani ya mzinga wa saba.
Waya ukapita juu ya kabichi, ukaingia dirishani.
Wanasema fuata nyuki ule asali.
Mimi nilifuata waya.

Na pale kwenye skrini, ukanda wa zambarau,
mpana, mvivu, kama mto ulioshiba mvua.
Siku ya tisa ukanda ukapanda,
ukaota miiba,
na katikati ya miiba mstari mwembamba, mkali,
pii, pii, piii:
malkia mchanga akitangaza gizani
kwamba nyumba hii haina vitanda viwili.
Miaka ishirini nafuga nyuki
na masikio yangu hayakuwahi kuambiwa neno hilo.
Nikaandaa mzinga mtupu. Adhuhuri wakahama,
hatua sita tu.

Terezija mfuma lesi akaja kutazama.
Nyuki hakuwatazama. Macho yalimganda
kwenye programu niliyosahau kuifunga,
ya kuchorea saketi za redio.
“Hizi njia,” akasema, “zimefundishwa na nani kupishana?”
Akaondoka na nakala mfukoni, ndani ya flashi.
Baada ya wiki tatu akatuletea kitambaa cha meza,
nyuzi nyeupe zikikata kona kama umeme,
na pembeni, kwa utani, alama ya betri.

Nikamwandikia aliyeitunga ile programu ya sauti,
mtu nisiyemjua, wa nchi yenye baridi kuliko yetu.
Akajibu kwa mstari mmoja:
Nyuki? Basi ngoja nishushe kipimo cha chini.
Na akakishusha.

Lakini nisijisifu. Juni, asubuhi ya jua kali,
mzinga wa tatu nao ukiwa na waya wake,
mashine iliamua kujisasisha.
Asilimia kumi na mbili.
Nikanywa kahawa.
Asilimia kumi na mbili.
Kundi likafumuka, likapaa juu ya paa la Terezija,
likatua kwenye mnara wa kanisa,
kwenye mkono mrefu wa saa,
na kijiji kizima kikabaki saa tano na robo.
Padri akapiga simu, kwa upole unaotisha.
Darinka alicheka hadi akakaa sakafuni.

Usiku huo nikafungua faili la mipangilio,
mstari wa arobaini na moja,
nikaurekebisha, na juu yake nikaandika
kwa lugha ya nyumbani, kwa yeyote atakayepita baada yangu:
usijisasishe nyuki wakiwa na neno.